Una hela ya wastani? Ongeza lenzi kabla ya kubadili kamera

Kila nikiweka picha za harusi humu, swali huwa ni lile lile: “kaka, unatumia kamera gani?” Sijawahi kuulizwa lenzi gani. Basi leo naliweka jambo hili sehemu moja ili atakayeuliza tena nimuelekeze hapa.

Kuna mshikaji wangu, naye anapiga picha za mitaani kama mimi. Picha zake za ukumbini zilikuwa na giza na chengachenga. Akauza kamera yake, akakopa kwenye kikundi cha mama yake, akanunua bodi mpya zaidi. Lenzi akabaki na ile ile ya 18-55 inayokuja kwenye boksi. Send-off ya kwanza picha zikatoka afadhali kidogo tu, na bibi harusi akicheza anaonekana kama moshi. Kamati ikagoma kumalizia nusu ya pili ya malipo. Mkopo wa kikundi wenyewe haugomi, unasubiri marejesho kila wiki! Kwa hiyo hii sio mada ya mapambo, wengi wetu tunakula humo.

KWANZA TUELEWANE KUHUSU TUNDU

Kwenye lenzi yako kuna namba imeandikwa mbele, mfano 1:3.5-5.6. Hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Inakuambia tundu linaweza kufunguka kiasi gani kuingiza mwanga, na namba ikiwa NDOGO ndio tundu linakuwa KUBWA. Hapo wengi wanachanganyikiwa, mzoee tu. Lenzi ya 18-55 ukiwa kwenye 18 inafunguka mpaka 3.5, ukivuta zumu mpaka 55 inabaki na 5.6, yaani unapoteza zaidi ya nusu ya mwanga kwa kuvuta tu.

Sasa fanya hesabu. Kutoka 5.6 kwenda 2.8 unapata mwanga mara nne. Kutoka 5.6 kwenda 1.8 unakaribia mara kumi. Maana yake ni nini ukumbini? Kama ulikuwa unalazimika kupiga kwa ISO 6400, ambapo kamera nyingi za kawaida zinaanza kutoa zile chengachenga, ukiwa na lenzi ya 2.8 unashuka mpaka 1600, na ukiwa na 1.8 unashuka mpaka karibu 640, kwa kasi ile ile ya shata. Hakuna bodi ya bei ya wastani itakayokupa tofauti ya namna hiyo.

Hapa nitaje jambo moja linalowapoteza watu: kile kizuia mtikisiko kinachoandikwa IS kwenye Canon na VR kwenye Nikon. Ni kizuri, ila kinatuliza mkono WAKO. Hakimtulizi bibi harusi. Mtu anayetembea anataka kama 1/125, mtu anayecheza anataka 1/250 na kuendelea, na hiyo kasi inalipwa kwa mwanga tu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia IS kwa kazi za ukumbini, msikilize kwa sikio moja.

ANGALIA PICHA ZAKO KABLA YA KWENDA DUKANI

Kila picha ya dijitali inahifadhi ndani yake ulitumia milimita ngapi. Fungua picha mia mbili tatu ulizopiga mwaka huu kwenye kompyuta, angalia sifa zake. Kama nyingi ziko kati ya 18 na 24, wewe ni mtu wa vyumba vidogo na makundi. Kama nyingi ziko 55, unatamani kusogea karibu zaidi. Njia nyingine: weka zumu kwenye 35, ibandike na selotepu, ufanye kazi hivyo siku nzima. Jioni utajua kama 35 inakutosha au inakubana, na hujatoa hata shilingi.

Nasisitiza hili kwa sababu ushauri unaozunguka kila mahali ni “nunua 50 ya 1.8, ndio ya bei rahisi”. Ni kweli ni rahisi. Canon waliitoa toleo la STM mwaka 2015 kwa bei ya kama dola 125 kule Marekani, na kwa mtumba unaipata chini ya hapo. Lakini kamera zetu nyingi za wastani zina kipokea mwanga kidogo, kwa hiyo 50 inakata picha kama vile ni 80 kwenye Canon au 75 kwenye Nikon. Ukisimama mita 4 kutoka kwa watu, 50 inakupa upana wa kama mita 1.8 tu. Hiyo ni watu watatu, wanne wakibanana. Umbali huo huo, 35 inakupa kama mita 2.6, na 18 inakupa karibu mita 5. Sasa fikiria sebule ya Sinza siku ya kuvalisha pete, makochi yamejaa, wazee wamekaa, na wewe una 50. Utatoka mlangoni, utapita veranda, utamalizia kupiga picha ukiwa kwa jirani.

Ndio maana kwa mtu wa Nikon mwenye kazi za majumbani huwa namwambia aanze na 35 ya 1.8G ya DX, iliyotoka 2009 kwa kama dola 200. Kwa mtu wa Canon kuna ile bapa ya 24 ya 2.8 STM ya mwaka 2014, haifunguki sana lakini ni nyepesi na ndani ya nyumba inakaa vizuri. Ya 50 iache kwa picha za mtu mmoja mmoja, za maua, keki, na sura za wazazi wakati wa nasaha. Hapo haina mpinzani kwa bei yake.

Tahadhari nyingine ya 1.8: eneo linaloonekana safi ni jembamba mno. Kwa 50 ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, tundu likiwa wazi kabisa, ni kama sentimita 6 tu. Jicho la bibi harusi linang’aa, bwana harusi aliyesimama nusu hatua nyuma yake anakuwa ukungu, na huyo ndiye anayelipa. Wawili wakiwa pamoja funga mpaka 2.8 au zaidi. Safu mbili za watu nenda 5.6, na uwashe flashi.

KAMA HELA INAFIKA KWENYE ZUMU

Kwa mtu anayefanya shughuli nzima peke yake, kuanzia saluni mpaka ukumbini, lenzi moja ninayoiona inarudisha hela yake ni zumu ya 17-50 yenye 2.8 mwanzo mpaka mwisho. Usikimbilie ya Canon au Nikon yenyewe, bei yake ni ya watu wengine. Tamron walitoa 17-50 ya 2.8 mwaka 2006, Sigma nao wana yao yenye kizuia mtikisiko, na zote zinapatikana kwa mtumba. Ile Tamron ya kwanza haina kizuia mtikisiko na mota yake inapiga kelele kama cherehani (kwa video inaudhi), lakini picha zake ni kali. Mimi ndiyo ninayotumia. Kanisani ambako padri hataki flashi, inaniokoa. Nikiwa kwenye 50 inafunguka 2.8 pale ambapo ya kwenye boksi imeshafika 5.6.

Za kuvuta mbali nitazipitia haraka. Kwa mechi za mchana na mahafali ya uwanjani, 55-250 ya Canon au ya Nikon inayolingana nayo inatosha sana, jua letu ni la kumwaga. Usiku haifai. Ile 70-200 ya 2.8 ambayo kila mtu anaiota ina uzito wa karibu kilo moja na nusu kwenye toleo la pili la Canon lenye IS, na mwaka 2010 ilitoka kwa karibu dola 2,500. Hiyo kodi kwa siku moja ukipata kazi inayoitaka, weka gharama kwenye bei ya mteja. Kama unataka ya sura za watu kwa mbali kidogo ukumbini, 85 ya 1.8 ya Canon ipo tangu 1992 na bado ni tamu.

Na wakati mwingine jibu sio lenzi kabisa. Flashi moja ya nje ya mtumba, ukiielekeza kwenye dari jeupe, inabadilisha picha za sebuleni kuliko lenzi yoyote. Shida ni kumbi zetu: dari limefunikwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, ukirusha mwanga juu unarudi na rangi hiyo hiyo, uso wa mama mkwe unakuwa bilinganya.

ITAINGIA KWENYE BODI YAKO?

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea, someni taratibu. Bodi za Nikon za familia ya D3000 na D5000, pamoja na D40 na D60, hazina mota ya fokasi ndani. Ukinunua lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, mfano 50 ya 1.8D, itaingia, itapiga, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. D90 na familia ya D7000 zina mota, hizo hazina tatizo. Lakini lenzi mpya za AF-P nazo zina mambo yake: kwenye bodi za zamani kidogo kama D90, D3100, D5100 na D7000 hazifokasi kabisa.

Kwa Canon, lenzi ya EF-S haiingii kwenye 6D wala 5D. Ya EF inaingia kote. Kama una mpango wa kuhamia bodi zisizo na kioo, zilizoanza 2018 kwa Canon R na Nikon Z, adapta zipo na lenzi za EF zinafanya kazi vizuri humo. Adapta ya Nikon ya FTZ haina mota, kwa hiyo zile AF-D zinarudi kuwa za mkono hata kwenye bodi ya bei mbaya. Faida tuliyo nayo sisi ni kwamba wenzetu wengi wamehamia huko, na lenzi zao za zamani zinamwagika sokoni.

KUNUNUA YA MTUMBA

Iwe Kariakoo, iwe kwa mtu mliyekutana mtandaoni, nenda na bodi yako, kadi yako na tochi. Pitisha mwanga wa tochi upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo ni kawaida. Ukiona kitu kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni fangasi, rudisha hata kama bei imeshuka nusu. Mkwaruzo mdogo kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha, tumia kuombea punguzo. Mkwaruzo kioo cha NYUMA ni habari nyingine. Piga picha tundu likiwa wazi, kisha likiwa 8, angalia kama kweli linafunga. Sikiliza fokasi ikizunguka. Tikisa taratibu karibu na sikio. Muulize ilikotoka na uandike namba ya lenzi. Mtu asiyetaka hata uisome hiyo namba, muage.

Filta za UV ambazo wauzaji wanalazimisha, achana nazo isipokuwa unapiga sana Coco Beach ambako mchanga na chumvi vinarushwa na upepo. Kofia ya lenzi inakinga mengi zaidi na haiharibu picha.

Tulio Dar, Tanga na Zanzibar tuna adui wetu, unyevu. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndio shamba la fangasi. Nunua boksi la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, weka na vile vijipakiti vya chembechembe vya kunyonya unyevu, vya aina inayobadilika rangi vikishajaa. Vikibadilika zimwage chembechembe kwenye kikaango, zikaushe kwa moto mdogo, zirudi kazini. Mchele usiweke, unaacha unga.

Ukiuliza swali hapo chini taja bodi yako, kiasi ulicho nacho na unapiga nini hasa, la sivyo nitakurudishia maswali matatu kabla ya jibu moja.