VIJANA NA CHAKULA CHA MABABU: FUNZO KUTOKA UFILIPINO

Utangulizi

Kila mwaka ninauliza darasani: «Muhogo ulitoka wapi?» Wanafunzi wote wanajibu: «Kwa mababu!» Kumbe muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta huku Kongo. Wahispania nao waliufikisha mbali zaidi, katika visiwa vya Ufilipino. Basi, ndugu msomaji, historia ya chungu cha Wafilipino inatuhusu sisi pia, wala bugali na sombe.

1. Vya wageni vikawa vya nyumbani

Mwaka 1521 Antonio Pigafetta, aliyesafiri na Magellan, aliandika kwamba wenyeji wa visiwa vile waliwaletea samaki, ndizi, nazi na tembo la mnazi. Baadaye, toka 1565 hadi 1815, merikebu za Wahispania zilienda na kurudi kati ya Manila na Acapulco, kule Meksiko. Kwa njia hiyo Wafilipino walipata mahindi, viazi vitamu, kakao na muhogo. Muhogo wakauita kamoteng kahoy, maana yake kiazi kitamu cha mti. Wachina nao walileta tambi. Chakula chao kinachojulikana sana, adobo, ni nyama iliyopikwa ndani ya siki: jina ni la Kihispania, lakini kupika kwa siki kulikuwa kwa wenyeji.

Tunaona basi kwamba desturi si kitu kisichobadilika. Chakula cha mgeni kinakuwa cha nyumbani pale mama anapokizoea na kumfundisha mtoto wake. Mafundisho hayo yakikatika, hata cha mababu kinakuwa kigeni.

2. Maria Orosa

Toka 1898 Wamarekani walitawala Ufilipino. Pamoja na shule zao zikaja pia vyakula vya kopo, na watu wa mjini wakaviona ndiyo chakula cha watu waliosoma.

Maria Orosa, aliyezaliwa 1893, alienda Seattle mwaka 1916 kusoma kemia. Angeweza kubaki kule. Lakini 1922 alirudi kwao na kutumia elimu yake kwa mazao ya nchi. Alitengeneza mchuzi wa ndizi mahali pa ule wa nyanya, unga wa soya wenye nguvu, na jiko la chungu la kuokea kwa nyumba zisizo na umeme. Alifundisha pia wasichana, nao wakatembea vijijini kuonyesha akina mama namna ya kuhifadhi matunda na kupika vizuri. Wakati wa vita, ule unga wake uliwasaidia wafungwa wenye njaa. Alikufa tarehe 13 Februari 1945, katika mapigano ya Manila.

Yeye hakuwaambia vijana waheshimu vya zamani tu. Aliwapa kazi ya kufanya navyo.

3. Mpunga wa milimani

Kule Ifugao watu hulima mpunga kwenye mashamba yaliyojengwa kama ngazi milimani. Mpunga wao, tinawon, huvunwa mara moja tu kwa mwaka, na mbegu huchaguliwa na akina mama. UNESCO iliyaandika mashamba hayo kuwa urithi wa dunia mwaka 1995. Lakini 2001 yaliwekwa kati ya urithi ulio hatarini. Kwa nini? Vijana walikuwa wanaenda mjini, kuta zinaanguka, maji hayatunzwi. Ilibidi kazi nyingi hadi 2012 ili yatoke kwenye orodha ile. Sifa ya dunia peke yake haijengi ukuta.

Mwaka 2007 wizara yao ya elimu ilihimiza bustani za mboga shuleni. Toka 2018 mwezi wa Aprili ni mwezi wa mapishi ya Kifilipino. Sherehe ni nzuri, lakini bustani inazidi, kwa sababu mtoto anashika jembe.

Mwisho

Mwaka jana niliwaomba wanafunzi waandike namna ya kupika sombe, tangu shambani hadi sahanini. Wengi walishindwa, wakacheka. Mimi sikucheka. Wazazi, muite mtoto jikoni, mvulana na msichana, angali bibi yuko hai. Walimu, mumtume mwanafunzi kwa bibi yake na daftari, kisha apike mwenyewe. Akipenda kuongeza kitu chake, aongeze. Ndivyo muhogo ulivyokuwa wetu.