Stahili Isiyo na Jina: Wapiganaji wa Vita vya Kagera, Matibabu na Shule katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Historia ya Vita vya Kagera aghalabu huandikwa kwa kufuata mwendo wa majeshi: Mutukula, Masaka, kisha Kampala iliyotekwa Aprili 11, 1979. Njia ya kurudi nyumbani haikupata waandishi wengi. Kwa wapiganaji wa Mbulu na Hanang, wilaya zilizokuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha (Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002), njia hiyo iliishia shambani na zizini. Insha hii inachunguza stahili za matibabu na elimu walizozikuta huko, na namna stahili hizo zilivyotoweka bila mtu yeyote kutangaza kuwa zimeondolewa.

Kabla ya hapo palikuwa na kizazi cha keya. Takribani Waafrika 87,000 kutoka Tanganyika walitumika katika Vita vya Pili vya Dunia, wengine hadi Burma. Malipo yao ya kuagwa yalipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata zaidi ya Mwafrika wa cheo kilekile. Jeshi lilikuwa na walimu wake na magazeti yake ya Kiswahili, likiwemo *Heshima*, na wengi walijifunza kusoma humo. Lakini elimu hiyo ilimhusu askari akiwa kambini, si mwanawe aliyebaki kijijini. Wakati Marekani ilipitisha sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia askari wake masomo ya vyuo, Mbulu hata Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilikuwa haijajengwa. Ilifunguliwa mwaka 1955.

Vita vya 1978 vilipiganwa na watu wa namna mbili, na tofauti baina yao ndiyo kiini cha suala zima. Wa kwanza ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, jeshi lililoundwa Septemba 1964. Huyu alikuwa mwajiriwa: alikuwa na namba, mshahara, na baadaye kiinua mgongo au pensheni kwa mujibu wa utumishi wake, pamoja na hospitali za jeshi kama Lugalo, Dar es Salaam, ingawa kwa mstaafu aliyerudi Dongobesh au Basotu hospitali hiyo ilikuwa mbali mno. Wa pili ni mgambo. Mikoa iliagizwa kukusanya wanamgambo, na inakadiriwa kuwa jeshi lilipanuka hadi kufikia watu zaidi ya 150,000, wanamgambo wakiwa takribani 40,000. Mgambo alitoka kijijini na kurudi kijijini. Fidia ya kifo au jeraha ni jambo moja. Haki ya kudumu ya kutibiwa na kusomeshewa watoto ni jambo jingine, na hili la pili mgambo hakulibeba aliporejea.

Wakati huo hakulihitaji. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa mwaka 1973, na Novemba 1977 ndiyo ilikuwa tarehe ya mwisho ya kutimiza Elimu ya Msingi kwa Wote. Zahanati na hospitali za serikali hazikutoza fedha. Hospitali za misheni, ambazo zilibeba sehemu kubwa ya mzigo katika wilaya hizi, zilitoza ada ndogo, nazo zilipata ruzuku ya serikali. Kwa hiyo mgambo aliyerudi mwaka 1979 akampeleka mtoto zahanati alipata kile alichopata jirani yake ambaye hakuvuka mpaka. Jambo hilo lilikuwa la haki, na hakuna ushahidi wa kutosha wa kuliita kosa la sera: taifa lililojengwa juu ya usawa lisingeweza kwa urahisi kumweka mpiganaji juu ya mkulima aliyemlisha. Hata hivyo lilikuwa na athari iliyofichika. Stahili ya mpiganaji haikupewa jina lake yenyewe, hivyo ilitegemea kabisa uhai wa stahili ya wote.

Na vita vyenyewe vilisaidia kuua stahili ya wote. Gharama yake inakadiriwa kuwa dola milioni 500 za Marekani. Mwalimu Nyerere aliwataka wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mkanda haukulegezwa. Si haki kuvitwisha vita lawama yote, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na bei ya mafuta ilipanda tena mwaka 1979. Lakini deni lilikuwepo, na mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ada za sekondari zilikuwa zimekwisharudishwa mwaka 1985. Kuanzia Julai 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu uliingia katika hospitali za rufaa na za mikoa, kisha zikafuata za wilaya.

Maana ya miaka hii huonekana vema ikipimwa kwa umri wa mtu. Mgambo aliyezaliwa mwaka 1954 alikuwa na miaka 24 alipoitwa. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1980 aliingia darasa la kwanza mwaka 1987, wakati michango ya shule ya msingi ilikuwa imerudi, na kama alifaulu, aliingia kidato cha kwanza mwaka 1994, karibu na wakati ambao baba yake alianza kulipia dirishani katika hospitali ya wilaya. Mahindi, maharage na ng'ombe ndivyo vilivyolipa vyote viwili. Familia iliyouza dume kwa ajili ya ada haikuwa nalo tena siku ya upasuaji.

Hapa inafaa kutaja mila moja ya Hanang. Miongoni mwa Wabarabaig, mwanamume aliyemuua simba au adui wa jamii alizawadiwa ng'ombe na ndugu na majirani. Zawadi ilikuwa na sababu iliyojulikana na kila mtu, na ilizaa. Stahili iliyotolewa na taifa haikuwa na alama ya namna hiyo.

Orodha ya waliosamehewa kuchangia matibabu ilitaja watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu na ukoma, na wasiojiweza. Aliyepigana vita hakuwa kundi. Angeweza kuomba msamaha kama maskini, kwa barua ya mtendaji wa kijiji na uthibitisho wa ofisi ya ustawi wa jamii, yaani akubali kutangazwa fukara mbele ya majirani waliowahi kumpokea kwa ngoma. Njia nyingine ilikuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kufika Hanang kabla ya sheria yake ya 2001. Mfuko huo ulimtaka alipe kabla ya kuugua, tena katika msimu ambao pengine hakuwa na fedha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka uzee katika miaka 60 na kuahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo. Kwa mgambo wa 1954 hiyo ni mwaka 2014, takribani miaka 20 tangu dirisha la malipo lifunguliwe katika wilaya. Alipofika, kilichohitajika ni uthibitisho wa umri, nao haukuwa rahisi kwa mtu aliyezaliwa kijijini bila cheti. Mahali alipokuwa mwaka 1979 hapakuulizwa. Shule nazo zilirudi kwa mtindo huohuo. Ada ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016. Mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1980 alikuwa wakati huo na miaka 36. Walioingia darasani bila ada ni wajukuu, pamoja na wajukuu wa kila mtu mwingine kijijini.