Transferini ya binadamu iliyosanifiwa

Transferini ya binadamu iliyosanifiwa ni protini inayotengenezwa maabara kwa kuiga, na mara nyingine kurekebisha, protini inayosafirisha madini ya chuma kwenye damu. Huzalishwa na seli za wanyama, hamira au mpunga zilizopandikizwa jeni husika.

Protini hii ni mnyororo mmoja wa asidi amino 679 uliojikunja kuwa vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kikibeba atomu moja ya chuma. Chuma hushikwa na tairosini mbili, histidini moja na aspateti moja, pamoja na kaboneti. Bila kaboneti hakishikiki imara. Ikisheheni chuma, myeyusho wake huwa na rangi ya waridi.

Ikiwa na chuma, hunasa kwenye kipokezi cha seli na kumezwa ndani ya kifuko. Humo pH hushuka kutoka 7.4 hadi karibu 5.6, vipande hufunguka na chuma huachiwa. Protini tupu hurudi kwenye damu kuanza safari upya.

Marekebisho ndiyo yaliyofichua siri ya kufunguka huko. Katika kipande cha kwanza, laisini za nafasi za 206 na 296 zimekaribiana sana. Asidi inapoongezeka husukumana. Ya 206 ikibadilishwa kuwa glutameti, chuma hutoka polepole mno. Katika aina nyingine, asparajini za nafasi za 413 na 611 huondolewa ili protini isibebe sukari na molekuli zote zilingane.

Hutumika zaidi kukuzia seli, badala ya transferini ya damu inayoweza kubeba virusi.