Nani Alilipia Katuni Zako?

Kuna kauli moja mtandaoni inanichosha: "Kenya hatunanga komiki." Inasemwa na watu wanaojua kila kipindi cha One Piece, watu wanaoweza kukueleza tofauti ya Marvel na DC mpaka chai yako ipoe. Zii, wasee. Tumekuwa nazo, tena za kila aina. Za upelelezi, za vichekesho, za mashujaa wenye nguvu za ajabu, za hadithi za kale, hata za kufundisha ufugaji wa kuku. Shida yetu haijawahi kuwa kukosa. Shida ni kwamba kila aina ililetwa na mtu fulani aliyeilipia, na alipoondoka aliondoka nayo.

Mimi ni wa Kuresoi. Niliacha chuo, sasa napiga video na kuandika, kwa hivyo hakuna mhadhiri wa kunipa alama hapa. Lakini hii historia nimeifuatilia kwa sababu kila siku naishi na swali lake: ukitengeneza kitu, nani analipa, na anataka nini? Nikupe mifano, kwa kufuata doo.

Tuanze na zama ambazo msomaji mwenyewe ndiye alilipa. Ukipata mzee aliyekuwa kijana mwishoni mwa miaka ya 60, mtajie Lance Spearman uone vile atatabasamu. Spearman alikuwa mpelelezi mweusi, kofia ya Panama kichwani, sigara kubwa mdomoni, ngumi tayari. Alitoka katika jarida lililoitwa African Film. Halikuchorwa. Waigizaji walipigwa picha kwa kamera, picha zikapangwa kwa visanduku, kisha maneno yakawekwa kwenye viputo. Jarida lilikuwa la kampuni ya Drum, mali ya Jim Bailey wa Afrika Kusini. Sasa fikiria hapo. Kenya ina miaka michache tu ya uhuru, na shujaa mweusi anayewapiga majambazi na kuendesha magari ya kifahari anatoka kwa kampuni ya nchi ya ubaguzi wa rangi. Msomaji wa Nakuru hakuuliza. Alitoa sarafu mfukoni, akapata alichotaka, yaani mbio za magari na jambazi kufungwa pingu. Hakuna aliyemwekea funzo kwenye ukurasa wa mwisho.

Vuka mpaka uone Tanzania. Dar es Salaam kulikuwa na jarida la Sani, la Kiswahili, lililoanza miaka ya 70. Humo ndimo waliishi kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Angalia hayo majina tu. Mnafiki wa ndimi mbili, lofa wa mtaa, na mtoto mtundu. Hawa si watu wa kuwekwa kwenye bango la serikali. Ni watu wa uswahilini, wanadanganya, wanapenda, wanakopa, wanakimbia madeni. Sani iliishi kwa sababu mtu alisimama mbele ya meza ya magazeti akaamua kuinunua. Ndiyo maana ilijaa mapenzi, uchawi na ujanja wa mjini, vitu ambavyo watu huvisengenya kila siku.

Nairobi nayo ilikuwa na Joe. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha hilo jarida, wakalipa jina la mwananchi wa kawaida wa mjini, yule anayecheka ili asilie. Ndani kulikuwa na hadithi fupi, utani na katuni, zote pamoja. Ng'weno baadaye alienda kuanzisha The Weekly Review mwaka wa 1975, Hirst akabaki na Joe hadi mwisho wake mwaka wa 1979. Miaka sita. Leo ukimwambia kijana wa Nairobi kwamba mji wake uliwahi kuwa na jarida lake la utani na katuni, atadhani unampima akili.

Mlipaji wa pili ni gazeti. Hapa ndipo Wakenya wengi walikutana na katuni bila kuzitafuta. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na katika Taifa Leo vizazi vizima vilijifunza kusoma Kiswahili kupitia huyo mjinga mpendwa. James Tumusiime, Mganda aliyekuja baadaye kuanzisha Fountain Publishers kule Kampala, alituletea Bogi Benda katika Nation. Paul Kelemba, yaani Maddo, akawa na ukurasa wake wa Madd Madd World katika Standard, ukurasa uliojaa vituko vya nchi nzima.

Lakini gazeti lina masharti yake. Linakupa visanduku vitatu au vinne, kesho unaanza upya. Katuni inakaa karibu na matangazo ya mazishi na bei ya mahindi, kwa hivyo lazima baba aicheke na mtoto pia aicheke. Huwezi kujenga hadithi ya kurasa 200 hapo. Kwetu Kuresoi kulikuwa na sharti lingine zaidi. Gazeti mara nyingi lilifika likiwa limefunga mandazi au nyama. Juha Kalulu tulimsoma akiwa na mafuta ya kupikia, na mara nyingine kisanduku cha mwisho, kile chenye kichekesho chenyewe, kilikuwa kimebaki kwa mteja mwingine.

Mlipaji wa tatu ni mchapishaji wa vitabu. Miaka ya 80 ilitupa Pichadithi, jina lililoundwa kwa kuunganisha picha na hadithi. Nyuma yake alikuwa yule yule Terry Hirst wa Joe, pamoja na wachoraji kama Frank Odoi. Hivi vilikuwa vitabu vyembamba vya rangi, kila kimoja na ngano au historia yake.

Kimoja ni Lwanda Magere. Nakala niliyosoma niliazimwa na mzee mmoja Molo, ilikuwa imechakaa. Hadithi unaijua: shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, mikuki inamgonga na kuanguka. Maadui wanampa binti yao amwoe. Siku moja anaugua, anamwambia mke huyo achanje kivuli chake badala ya mwili, damu inatoka. Msichana anatoroka usiku, anapeleka siri nyumbani. Vita vinapoanza tena, mkuki unalengwa kwenye kivuli, na Lwanda Magere anaanguka.

Hao maadui wanaitwa Lang'o. Na Lang'o ni jina ambalo Waluo walitupa sisi, Wanandi na Wakipsigis.

Kwa hivyo niko hapo, kijana wa Kikipsigis, nasoma komiki ya Kenya kwa mara ya kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, na adui ni mimi. Sikukasirika, manze. Ni hadithi tamu na Waluo wana haki yote ya kuisimulia wanavyoisimulia. Nilichotaka ni upande wa pili. Yule msichana je? Anatumwa peke yake katika nchi ya watu wanaowaua ndugu zake. Anaishi na mtu asiyekufa, analala karibu naye, anangoja. Kwa watu wake huyo ni jasusi kuliko Spearman. Lakini hajapewa kitabu chake, kwa sababu aliyelipia kitabu alikuwa analipia cha Lwanda.

Huyo Frank Odoi tusimwache. Alizaliwa Ghana, akaja Kenya miaka ya 70 ikiisha, akabaki. Alichora Golgoti, Mzungu anayekuja Afrika na kuangaliwa kwa macho ya Waafrika, badala ya ile kawaida ya sisi kuangaliwa. Akachora pia Akokhan, shujaa ambaye nguvu zake zinatoka katika imani za Kiafrika, miaka mingi kabla ya watu kulia kwa furaha ndani ya sinema wakiona Black Panther. Alifariki Nairobi Aprili 2012 katika ajali ya matatu. Mtu aliyetupa shujaa wa ajabu alikufa kifo cha mwananchi wa kawaida kabisa, na wengi wetu hatukumjua.

Mwaka wa 1996 ikaja Sasa Sema, kampuni ndogo ya Nairobi iliyoamini kwamba komiki za Kiswahili zinaweza kuuzwa kama vitabu. Gado, Mtanzania tunayemjua kwa katuni za kisiasa, aliwatolea Abunuwasi mwaka huo huo. Baadaye Sasa Sema iliingia mikononi mwa Longhorn, wachapishaji wa vitabu vya shule. Hapo sina ubaya na Longhorn, biashara ni biashara. Lakini elewa maana yake. Vitabu Kenya vinauzwa shuleni. Mnunuzi mkubwa akiwa ni shule, komiki inapaswa kukaa vizuri ndani ya begi la mtoto wa darasa la sita, na wewe wa miaka ishirini umetolewa kwenye hesabu.

Mlipaji wa nne ni mfadhili, na hapa ndipo kizazi chetu kinaingia. Shujaaz ilianza Februari 2010, miaka miwili baada ya nchi kuchomeka. Ilitolewa bure ndani ya Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, imeandikwa kwa Sheng. Boyie amemaliza shule, hana kazi, anaunda stesheni ya redio chumbani mwake na kujiita DJ B bila watu kujua ni yeye. Yaani Boyie alikuwa mtengeneza maudhui kabla sisi hatujapata hilo jina. Ilishinda International Emmy mwaka wa 2012 na tena 2014, na 2015 ikaingia Tanzania.

Nitasema ukweli wangu: Shujaaz ilikuwa moto. Ndiyo iliyofundisha watu kupaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asivitambue kama chakula. Watu walifanya hivyo kweli. Lakini komiki ya bure haiwi bure. Mtu analipia, na anayelipia anataka msomaji afanye kitu akimaliza kusoma: apande hivi, apige kura kwa amani, aweke akiba. Basi kila hadithi inabeba ushauri mgongoni. Spearman hakuwahi kukwambia upime udongo.

Sasa rudi nami Kuresoi. Watu wakija kwetu na pesa, huja na vitu viwili, amani na mbegu za viazi. Naelewa. Nyumba zilichomwa hapa mwaka wa 1992, na 2007 moto ulianza hata kabla ya uchaguzi wenyewe. Lakini chini ya huo moto kuna hadithi ambayo sijawahi kuiona ikichorwa. Mwaka wa 1941 serikali ya kikoloni iliwaleta Wakikuyu waliokosa ardhi hadi Olenguruone, ikawawekea sheria za namna ya kulima kana kwamba ni wageni. Wakakataa. Wakala kiapo cha umoja, na hapo hapakuwa wanaume peke yao, wanawake na watoto pia walikula. Kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, lakini kiapo kilishasambaa, na wanahistoria wanakihesabu kati ya mizizi ya Mau Mau. Olenguruone, hapa hapa penye baridi na matope! Na katika msitu huo huo wa Mau kuna Waogiek, ambao mwaka wa 2017 waliishinda serikali ya Kenya katika Mahakama ya Afrika kule Arusha. Na kuna sisi Wakipsigis, na yetu pia.

Gazeti halitaichapa hiyo, haitoshi visanduku vinne. Shule itaiogopa. Mfadhili ataitaka, ila atataka wote wakumbatiane ukurasa wa mwisho. Mimi nataka komiki ambapo Mkikuyu, Mogiek na Mkipsigis kila mmoja ana visanduku vyake katika ukurasa mmoja, na hawakubaliani, na msomaji anabaki na kazi ya kufikiria.

Anayeweza kulipia hiyo ni mmoja tu, yule wa zama za Spearman na Sani. Ni wewe, na bei yake haizidi bando lako la wiki. Mimi na rafiki yangu mchoraji tumeanza na yule msichana wa Lang'o, kurasa nane. Zikiwa tayari zitauzwa Molo na Olenguruone kwa shilingi 100. Hatutazigawa bure.