Makopo matatu na mbegu za pamba

Leo nina kisa cha Nkololo, kule Bariadi, lakini kabla hatujafika nitawapitisha Philadelphia. Msichoke njiani.

Desemba 2019 nilikuwa naenda likizo kwa bibi. Mhariri wa redio moja niliyokuwa naiuzia habari akaniambia wanataka kipindi cha watoto cha dakika kumi na tano. Jina walishalipata. Hadithi walishachagua: sungura na fisi, mwanzo mwisho. "Ukifika huko waulize watoto wawili watatu, ili tuseme tuliuliza." Nikacheka naye. Nilikuwa nahitaji kazi.

Kumbe kuuliza watoto wanapenda nini kuna historia ndefu. Huko Marekani, miaka ya 1940, kijana mmoja aitwaye Eugene Gilbert alianza kuwatumia vijana kuwahoji vijana wenzao, ili wafanyabiashara wajue fedha za rika hilo zinaishia wapi. Nia ilikuwa kuuza, wala hakuificha. Mimi aliyenikosesha usingizi ni Edward Palmer, mtafiti wa kipindi cha Sesame Street. Huyu hakuuliza swali lolote. Alimkalisha mtoto mbele ya televisheni, na pembeni akaweka picha zinazobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Mtoto akiiacha televisheni na kutazama picha, wanaandika. Basi. Macho yameshajibu.

Mwaka 1969, kabla kipindi hakijaanza kurushwa rasmi, walitengeneza vipindi vitano vya majaribio wakawaonyesha watoto wa Philadelphia. Wataalamu wa saikolojia walikuwa wameshauri vikaragosi visichanganywe na watu halisi, eti watoto watachanganyikiwa. Matokeo yake, kila zilipofika sehemu za mtaani zenye watu peke yao, watoto wakageuza shingo. Ushauri wa wataalamu ukawekwa kando, na ndipo akazaliwa Big Bird, lile lindege la manjano linalotembea mtaani na watu. Fikiria, watoto wa miaka minne wamewashinda maprofesa bila kufungua mdomo!

Kwetu Afrika Mashariki nako yapo. Miaka ya 1990 UNICEF walipomtengeneza Sara, yule binti wa katuni mwenye tumbili wake Zingo, walizunguka nchi kadhaa na michoro, wakiwauliza watu, wasichana wakiwemo, kama binti huyu anafanana na wanaowajua. Baadaye ikaja Kilimani Sesame. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2010 ulihusu watoto 223 wa Dar es Salaam na Kisarawe. Halafu Ubongo Kids, iliyoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014, kazi ya vijana wa Dar. Kisarawe napaheshimu, lakini kutoka pale hadi Nkololo ni safari nyingine kabisa.

Basi nikafika. Nikawakusanya watoto chini ya mti, daftari mkononi, nikaanza: wewe unapenda nini? Kimya. Mwingine akala ncha ya gauni lake. Bibi alikuwa anachambua choroko pembeni, akaniambia, "Mjukuu wangu, unawahoji kama wameiba kuku. Wape mchezo."

Nikatafuta makopo matatu matupu ya maziwa. La kwanza sungura na fisi, la pili mpira, la tatu "maswali yetu". Kila mtoto akapewa mbegu moja ya pamba, maana nyumba za kule mbegu hazikosekani. Walikuwa 21. Mkubwa wao, wa darasa la sita, akatangulia kutumbukiza kwenye mpira, na wadogo wote wakamfuata kama ndama. Mpira 18!

Ningeweza kuishia hapo, mhariri angefurahi. Ila nikamkumbuka Palmer. Nikaomba kanga ya bibi, nikaitundika, makopo yakawa nyuma yake, kila mmoja aingie peke yake. Wakaona ni mchezo mtamu kweli, wengine wakataka kurudia. Tukahesabu: mpira 6, sungura 4, maswali 11.

Nikauliza, maswali gani? Sasa midomo ikafunguka. Kwa nini mvua inanyesha ng'ambo ya mto na kwetu hainyeshi. Nani aligundua hesabu za kugawanya, na kama amekufa. Kisha binti mmoja wa miaka kama tisa: "Pamba yetu ilibebwa tangu mwezi wa sita. Kwa nini hela haijaja?" Wanaokumbuka msimu wa 2019 wanajua wakulima wengi wa Simiyu walicheleweshewa malipo. Januari shule inafunguliwa, na yeye alikuwa akiangalia sare yake.

Niliandika yote. Tulipokuwa tunavunja mkutano akanishika mkono: "Utarudi kutuambia kopo gani limeshinda?" Nikaona haya. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo, enzi bado tuko Mkoa wa Shinyanga, wageni walikuja na gari wakatuchoresha picha, wakaondoka nazo. Hadi leo sijui zilikwenda wapi.

Mhariri alisoma ripoti yangu akasema ni nzuri sana. Kipindi kikaanza na sungura na fisi. Nilipopata nauli nilirudi Nkololo, nikawaambia wale watoto ukweli: kopo la tatu ndilo lililoshinda, na redio imechagua la kwanza. Yule binti akauliza kama huyo mhariri naye aliwekewa kanga.