Baada ya Kukabidhi Ofisi

Mhariri wa jarida letu aliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, nadhani alitazamia habari za Vita vya Majimaji au za biashara ya karafuu, kwa kuwa historia ndilo somo nililolisoma Chuo Kikuu. Nimeona bora niandike historia iliyo karibu zaidi na wengi wetu, yaani habari za watu waliomaliza kazi ya ajira na mambo waliyoyafanya baada ya hapo. Kaka zetu wengi waliotutangulia hapa wamekwisha kustaafu. Mimi ni mtumishi wa serikali, nimebakiza miaka 14 kufikia umri wa lazima. Nanyi vijana mlioko madarasani msiifunge kurasa hii mkidhani ni ya wazee, maana mwishoni nitawarudia.

Kustaafu, kwa maana tunayoijua leo, si jambo la kale. Katika vijiji vya babu zetu mzee hakustaafu, bali alibadilishiwa kazi. Mikono ikilegea kushika jembe, aliingia barazani kuamua mashauri, kukumbuka mipaka ya mashamba na kuwafunza vijana mila. Ndiyo maana wahenga walinena kwamba palipo na wazee haliharibiki neno.

Mambo yalibadilika ulipokuja mshahara. Ujerumani ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee mwaka 1889, umri ukiwa miaka 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Uingereza ikatunga yake mwaka 1908, nayo kwa umri wa miaka 70. Siku hizo wafanyakazi wengi hawakufika umri huo, wala hapakuwa na haja kubwa ya kuuliza mstaafu atazitumiaje siku zake. Kwetu mtindo huu uliingia pamoja na ukarani wa serikali ya kikoloni, na baada ya Uhuru, mwaka 1964, ikaanzishwa Akiba ya Wafanyakazi. Leo mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Akijaliwa kufika 80, ana miaka 20 mbele yake. Sheria imempangia mafao, lakini asubuhi zake hakuna aliyempangia.

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi alikuwapo mkuu wa masjala, mtu hodari sana, aliyejua kila jalada lilipo pasipo kufungua daftari. Alipostaafu tulimfanyia sherehe, tukampa saa ya ukutani. Juma lililofuata alikuja saa moja na nusu asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake, akaketi kwenye benchi la wageni na kusoma gazeti. Kesho yake akaja tena, na ikawa hivyo kwa miezi mingi. Hakuja kwa shida ya fedha. Nyumba alikuwa nayo, na watoto wake walikuwa wakijitegemea. Alichokikosa ni mtu wa kumwuliza jalada fulani liko wapi. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta katika historia watu waliovuka salama mahali alipokwama mzee yule.

Wa kwanza ni Mwalimu Julius Nyerere. Tarehe 5 Novemba, 1985, alimkabidhi nchi Mzee Ali Hassan Mwinyi, naye akiwa na umri wa miaka 63. Uenyekiti wa Chama alibaki nao hadi mwaka 1990. Makao yake yakawa Butiama, kijiji alichozaliwa, na huko akalima shamba. Tangu mwaka 1987 hadi 1990 aliiongoza Tume ya Kusini, iliyotafuta njia za nchi maskini kushirikiana zenyewe kwa zenyewe. Katibu Mkuu wa tume hiyo alikuwa Manmohan Singh, ambaye baadaye, mwaka 2004, akawa Waziri Mkuu wa India. Kuanzia mwaka 1996 Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na kazi hiyo alikuwa nayo mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba, 1999. Nelson Mandela, naye akiwa ametoka madarakani mwaka huohuo, akaipokea. Mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti, 2000.

Lakini ipo kazi nyingine ya uzee wake isiyotajwa sana. Aliziweka Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapwa mwaka 1996. Fikirini ni beti ngapi hizo, na ni asubuhi ngapi za kukaa na kalamu! Je, mapenzi hayo ya ushairi aliyapata Butiama baada ya kustaafu? Hasha. Tafsiri yake ya kwanza ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida tele, na Mabepari wa Venisi ikatoka mwaka 1969. Kwa hiyo alipoondoka Ikulu aliacha cheo, lakini ushairi, kilimo na ualimu akaenda navyo.

Wa pili ni Joseph Murumbi wa Kenya, ambaye hapa kwetu wachache humkumbuka. Alizaliwa mwaka 1911, akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akawa Makamu wa Rais. Mwaka huohuo akajiuzulu, akiwa na miaka 55, umri uleule ambao mtumishi wetu huruhusiwa kuondoka kwa hiari. Tangu siku za harakati za Uhuru, alipokuwa akiishi London, Murumbi alikuwa mkusanyaji wa vitabu na vitu vya sanaa vya Afrika. Alipotoka serikalini alijitia kazini humo kwa moyo wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na mwenzake Alan Donovan walifungua Nairobi nyumba ya sanaa iliyoitwa African Heritage. Vitabu vyake, vikiwamo maelfu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, pamoja na sehemu kubwa ya hazina yake, vikachukuliwa na serikali ya Kenya. Leo mwanafunzi yeyote akiingia katika jengo la Nyaraka za Taifa jijini Nairobi anaikuta hazina hiyo. Umakamu wake haukutimiza hata mwaka mmoja, ila vitabu vipo.

Najua mtasema kwamba hao walikuwa wakubwa, wenye majina yaliyowafungulia milango. Basi tumtazame karani. Shaaban Robert aliingia kazini katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka 30 katika vituo mbalimbali. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, angali karani. Miongoni mwa vitabu vyake kimo Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ambacho jina lake pekee linatosha kumfanya mtu wa umri wangu akae akafikiri. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Lau angengoja kustaafu ndipo ashike kalamu, lugha yetu ingekuwa na pengo lisilozibika.

Hapa ndipo ninapotaka kufika. Watu hawa watatu hawakuanza jambo jipya siku ya kukabidhi ofisi. Walikuwa nalo zamani, walilitunza pembeni ya ajira, na ajira ilipokwisha lilikuwa tayari limeota mizizi. Twawajua wastaafu ambao kiinua mgongo chao kiligeuka daladala lililolala gereji au kuku waliokufa kwa juma moja. Kuku hawana lawama. Anayefuga kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 anajifunza kwa fedha asiyoweza kuipata tena. Mwenye kupenda kufuga na aanze na kuku kumi angali na mshahara.

Kwenu vijana, kama nilivyoahidi: samaki mkunje angali mbichi. Shamba la shule, chama cha mjadala, karakana, gazeti la ukutani na kwaya si mambo ya kupoteza wakati baada ya masomo. Huenda mojawapo ndilo litakaloshika mkono wenu miaka 50 ijayo.

Kwenu kaka zetu mliokwisha kustaafu nina ombi moja. Shule yetu ina wanafunzi wanaohitaji kufundishwa hesabu jioni, maktaba isiyo na mtu wa kuipanga, na miti ya matunda inayohitaji kupogolewa. Katibu wa chama chetu ataweka daftari mezani siku ya mkutano. Kila mmoja aandike jina lake, kazi anayoipenda, na siku moja katika juma anayoweza kuja. Mkuu wa masjala niliyemtaja hakusoma hapa, lakini wapo wengi mfano wake waliosoma hapa, na maktaba ile inangoja mtu ajuaye kila kitu kilipo.