Tabaka Gumu la Udongo wa Uskoti: Kumbukumbu ya Baridi ya Kale

Achimbapo mtu shimo kaskazini-mashariki mwa Uskoti, aghalabu sururu hugota kwenye tabaka gumu chini ya udongo laini. Ni rahisi kuliita mwamba, lakini jina hilo linapotosha: huo ni udongo ulioshindiliwa.

Mwaka 1956, E. A. FitzPatrick, mtaalamu wa udongo wa Aberdeen, alilihusisha tabaka hilo na ardhi iliyoganda mwaka baada ya mwaka mwishoni mwa Enzi ya Barafu, kipindi kilichokoma takriban miaka 11,700 iliyopita. Maji ya ardhini yalivutwa yakaganda kuwa vibamba vya barafu. Vibamba vilipokua viliubana udongo ulio kati yake. Barafu ilipoyeyuka, udongo ulibaki umepangika kama kurasa za kitabu, na chembe laini zikatuama juu ya mawe mithili ya kofia.

Hata hivyo, ugumu pekee si ushahidi wa baridi. Matabaka yanayokaribiana nalo yapo Mississippi, Marekani, ambako siwa za barafu hazikufika. Ushahidi ni kurasa na kofia hizo kwa pamoja.

Urithi huo ungali na uzito. Mizizi haipenyi, maji hutuama, na miti hung'olewa na upepo. Wapandaji misitu wamelazimika kulipasua tabaka kwa plau za kina. Kwa hiyo istilahi “tabaka lililoshindiliwa” inafaa kuliko “mwamba”: inahifadhi historia ya kitu, nayo inadokeza kwamba chaweza kupasuliwa.